Kurasa Kumi na Nne za Kuamrisha

Tulimzika Mwalimu Anselimu mwaka jana, huku Morotonga, siku ya jua kali, na mimi nikaaibika mbele ya watu wote. Mwanawe mkubwa alisimama akasema marehemu alipenda Kifaransa kuliko chakula, kwa hiyo angefurahi mtu mmoja amuage kwa lugha hiyo, na bila kuniuliza akaninyooshea kidole: "Mwalimu Bhoke pale alifundishwa na baba mwenyewe. Karibu, mama." Watu wakapiga makofi, msibani! Nikasimama. Jambo ambalo yule kijana hakulijua ni kwamba Kifaransa changu chote ni cha kuamrisha. Sijui kusema "tulikupenda", sijui "tutakukumbuka", hata "jana" siijui. Najua kula, kunywa, kaa, nyamaza, usiguse, twende. Nikalitazama jeneza, na neno la kwanza lililonijia likatoka lenyewe, kwa sauti ileile niliyowatishia watoto wa darasa la tatu miaka yote hadi nikastaafu: "Lève-toi!" Maana yake ni amka, simama. Kijana wa marehemu, aliyeokota Kifaransa kidogo kwa baba yake, alishikwa na kikohozi mpaka wakampiga mgongoni. Wengine wote wakaitikia, "Amina."

Nilirudi kukaa nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja, nimejifunika uso kwa khanga ili watu wadhani ni kulia tu. Mwanamke aliyekaa kando yangu akanishika mkono akaniambia nijikaze, kifo ni cha wote. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Akili yangu ilikuwa imeshavuka kwenda Tarime, kwenye mwaka ule ambao dhahabu ilikuwa ya mtu yeyote mwenye sururu, kabla ya uzio na geti na walinzi wenye redio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu nayaacha yalale palepale yalipolala. Nilipelekwa kwa shangazi Ghati, dada yake baba, aliyekuwa na hoteli karibu na maduara, ndivyo tulivyoyaita mashimo ya dhahabu. Usifikirie hoteli ya vitanda na mashuka. Yalikuwa mabati, kuta za udongo, meza tatu ndefu na mabenchi yake, jiko la kuni nyuma, na chungu cha nyama ya kuchemsha ambacho sikumbuki kukiona kikiwa tupu. Ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mgumu, unaokatika kama udongo wa mfinyanzi. Dagaa siku za katikati ya wiki. Mimi nililala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya unga, na kwa kuwa ukuta ulikuwa na nyufa, nilisikia maneno yote ya wachimbaji waliokula upande wa pili. Maneno yenyewe yalikuwa mawili: "wiki ijayo". Kila mtu alikuwa anatajirika wiki ijayo.

Mtu wa kutoka mbali akiingia pale alidhani wanagombana. Sisi watu wa huku Kiswahili tulikipokea kikiwa tayari kinaamrisha. "Lete ugali!" "Ongeza mchuzi!" "Sogea huko, mura!" Mura ni kijana kwa Kikurya. Hapakuwa na ubaya wowote, ndivyo tulivyoongea na ndugu. Kuna siku aliingia mfanyabiashara mmoja wa pwani, mpole, nguo safi, akasema, "Samahani dada yangu, naomba unisaidie chumvi kidogo, kama hutojali." Meza nzima ikageuka. Jamaa mmoja aliyekaa mbele yake akamwuliza kwa huruma ya kweli, "Mura, unaumwa?"

Ndipo akaja Madam Odili. Alikuwa mwanamke wa Kifaransa, umri wa shangazi yangu, mwembamba, kofia ya turubai, nyundo kiunoni, na kazi yake ilikuwa kuokota mawe na kuyaandika namba. Alitumwa na watu wa kwao waliotaka kujua dhahabu imelala wapi. Akapanga chumba cha uani kwetu. Kiswahili hana, Kiingereza chake na changu havikukutana hata mara moja. Siku ya pili akamwonyesha shangazi kwa vidole kwamba anatafuta mtu wa kumfasiria, ikiwezekana mwanamke, na shangazi, Mungu amrehemu, akanisukuma mbele.

"Huyu ana kidato cha nne. Anajua lugha yenu."

"Shangazi, sijui!"

"Utajua. Nakupa mwezi mmoja. Usipojua, unarudi Ringwani kwa bibi yako kupalilia mtama."

Hapo alinigusa penyewe. Bibi wa Ringwani nilimpenda, lakini alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kumkaripia jogoo kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeshapalilia mtama ule tangu nikiwa na urefu wa jembe. Hapa kwenye maduara kulikuwa na redio, kulikuwa na watu wa makabila yote, kulikuwa na maneno mapya kila siku kupitia ufa wa ukuta. Niliapa sirudi.

Mtu pekee aliyejua Kifaransa pale alikuwa Anselimu, Mkongo, mwalimu aliyeacha chaki huko kwao akavuka kuja kufuata dhahabu. Utauliza kwa nini kazi asichukue yeye. Nilimwuliza. Akaniambia ana fungu lake kwenye duara, na mtu mwenye fungu haondoki, maana siku akiondoka ndiyo siku mwamba unatoa. Alikuwa amekaa pale mwaka mzima akisubiri wiki ijayo. Lakini kufundisha alikuwa na njaa nako kama njaa ya chakula, na vyote viwili tulikuwa navyo. Akaja na kitabu chake. Loo! Kitabu kilikuwa kimebaki tumbo. Wenzake wa chumbani walikichana kusokotea tumbaku, mmoja akianzia mbele, mwingine akianzia nyuma, kwa uungwana kabisa, wasigombane. Anselimu alikiokoa walipokaribia kukutana. Zilibaki kurasa kumi na nne, kuanzia ya sitini na moja, na zote zilihusu jambo moja: jinsi ya kuamrisha.

"Iko bahati," alisema Anselimu akiifuta ile karatasi ya juu kwa kiganja. "Hii ndiyo sura fupi. Tena kwenu hapa batu banaongea hivi hivi."

Tulisomea juu ya magunia, mchana akitoka shimoni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akasema, chukua kitendo, mtoe mwenye kutenda, kinachobaki ndiyo amri. *Tu manges*, wewe unakula. Toa *tu*. *Mange!* Kula! Nikatazama kitabu nikaona kuna herufi imepungua. "Na hii *s* ya mwisho imeenda wapi?" Akasema imeanguka, vitendo vya kundi hilo, ukiamrisha mtu mmoja, *s* inaanguka. "Ilikuwa inatamkwa vipi?" Akasema haikuwa inatamkwa. Nikamwuliza, sasa kama haisikiki ikiwepo na haisikiki isipokuwepo, mtu anajuaje kwamba imeanguka? Anselimu akafikiri, akasema niwaulize Wafaransa, yeye alichapwa viboko kwa ajili ya *s* hiyo na hakupewa sababu.

Kulikuwa na njia tatu tu. *Mange*, kula, kwa mmoja. *Mangeons*, tule, sisi sote. *Mangez*, kuleni, kwa wengi. Nikauliza, na mimi je? Akasema hakuna mimi, mtu hawezi kujiamuru mwenyewe. Shangazi akadakia kutoka jikoni, "Mimi najiamuru kila asubuhi, na naitikia!" Ukitaka kukataza, unakizungushia kitendo maneno mawili, moja mbele moja nyuma, *ne* na *pas*, kama mbuzi aliyefungwa kamba pande mbili: *ne touche pas*, usiguse. Kuna vitendo vikaidi visivyofuata njia, *va*, nenda, *viens*, njoo, *sois*, uwe, na nilipolalamika akaniuliza kwa nini sisi tunasema njoo, nenda, lete, badala ya ja, enda, leta. Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Nimefundisha Kiswahili miaka yote hii, na aliyenionyesha mlango wake alikuwa Mkongo juu ya gunia la muhogo.

Tuligombana mahali pamoja tu. Alisema, "Kwa mutu mukubwa, hata akiwa mumoja, unaongea naye kama batu bengi. *Mangez. Asseyez-vous*, kaeni."

"Lakini yuko mmoja."

"Iko heshima."

"Heshima ya kumhesabu vibaya?"

Anselimu alicheka mpaka vumbi likamdondoka. Nikaona ni upuuzi wa Kizungu, nikauacha humo humo kitabuni. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi, shangazi aliposema "mwambie ale", nilimgeukia Madam Odili, mtu mzima, msomi, nikamwambia kama ninavyomwambia mdogo wangu: "*Mange!*" Alinitazama, macho yamemtoka. Nikadhani nimeshindwa mtihani, Ringwani hiyo inakuja. Kisha akachukua tonge akala. Shangazi akasema mwambie asinywe maji ya mtungi ule. "*Ne bois pas!*" Akaweka kikombe chini. Mwambie akae kivulini. "*Assieds-toi!*" Akakaa. Jamani, utamu wake! Mimi niliyeamrishwa tangu kuzaliwa, mtu wa Ulaya ananitii. Baadaye alimwambia Anselimu kwamba tangu mama yake afe hakuna mtu aliyewahi kumsemesha hivyo, na kwamba nisikatazwe. Anselimu aliponiambia nikaona haya, kisha nikaona upendo, na kuanzia hapo nilimwamrisha kwa moyo wote.

Tabu ilikuwa yeye kuongea na mimi. Alikuwa na adabu nyingi. Alianza sentensi huko mbali, akazunguka, akanyanyuka, akatua, na mimi sijaambulia hata neno, maana adabu zote zilikuwa kwenye kurasa zilizovutwa na wachimbaji. Wiki ikapita hivyo. Mwishowe akaelewa, akaanza kukatakata maneno. *Viens. Regarde. Donne.* Njoo, tazama, nipe. Mwanzoni alikuwa anaona aibu kabisa, anaamrisha huku anaomba radhi kwa mikono. Mwezi ulipokwisha tulikuwa tunaongea kama masajini wawili, na shangazi akasema nimefaulu, nibaki maadamu mzungu yupo.

Naye Madam akataka Kiswahili. Nilimfundisha nilichofundishwa: toa mwenye kutenda. Kwa kichwa chake cha mahesabu akagundua njia yake mwenyewe. Kuchimba, toa *ku*, chimba. Kubeba, beba. Kusoma, soma. Safi. Siku hiyohiyo akapita mezani, akamkuta mchimbaji mmoja anaanza ugali wake, akataka kumkarimu. Kula, toa *ku*. Akamwinamia kwa tabasamu akamwambia, "La!" Yule jamaa akaacha tonge hewani. "La, la!" Madam akamhimiza. Jamaa akarudisha tonge sahanini, akanawa, akaniuliza kwa sauti ndogo nyama ile ilikuwa ya mnyama gani. Shangazi alinifokea siku mbili. Nikamsahihisha Madam, nikamfundisha na kuleni, chimbeni, kaeni, akaandika yote kwenye daftari la mawe. Sikuangalia anayatumiaje. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo lililonipeleka pabaya.

Kulikuwa na kilima cha Mzee Nyamhanga. Madam alikuwa amezunguka kote, na mawe yake yote yalimwonyesha pale: achimbe mtaro mmoja kukata kilima, aone kilichomo. Asipopata, atafungasha aende kutafuta ng'ambo ya mpaka. Na akifungasha, mimi Ringwani. Mzee Nyamhanga alikuwa mfupi, mkali, mfugaji, haendi kanisani wala hataki kuambiwa habari za huko, na kilimani pale walizikwa baba yake na baba zake wadogo, chini ya marundo ya mawe. Tulimwendea mara nyingi. Alitupa maziwa mgando, akanywa na sisi, akasema hapana. Tukarudi, maziwa, hapana. Maziwa yalikuwa mazuri sana.

Halafu siku moja ya soko akapita mwenyewe hotelini, peke yake, fimbo mkononi. Madam alikuwa mlangoni. Akavua kofia, akakusanya heshima yote ya kwao, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Karibuni. Ingieni. Kaeni. Kuleni."

Mzee Nyamhanga akageuka nyuma kuangalia. Hakukuwa na mtu. Akamtazama Madam. Madam akaonyesha benchi kwa mikono miwili: "Kaeni, kaeni." Mzee akageuka tena nyuma, safari hii taratibu, na nikamwona uso unabadilika. Akaingia akiwa amepinda upande, kama mtu anayewapisha wenzake mlangoni. Akakaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi. Mimi nilikuwa na sufuria mikononi, nimeelewa kila kitu, na nikanyamaza.

Kesho yake maneno yalishafika kila duara. Nilizisikia habari kupitia ufa wa ukuta: yule mama wa Kizungu ana macho, amewaona wazee wa Nyamhanga waliolala, amewakaribisha, amewapa chakula, na watu wa hapa wanaojiita ndugu hawakuwahi hata kuwapa kiti. Mzee akaanza kuja kila siku ya soko. "Tumekuja," anasema, na anaacha nafasi yake kwenye benchi. Shangazi alimimina chai vikombe vinne, akisubiri kwa heshima, na mzee akiondoka anavirudisha vitatu kwenye birika. "Wameshakunywa harufu," alisema. "Maji ni yetu." Na kwenye siku ya soko ya tatu Mzee Nyamhanga akasema kilimani pachimbwe. Wageni waliowakaribisha wazee wake wasizuiwe.

Madam alifurahi akanikumbatia. Nikamwambia shangazi ukweli, kwamba mwanamke huyu hajamwona mzimu yeyote, ni sarufi tu. Akaniambia nifunge mdomo. "Umetaka kukaa hapa, umekaa. Unataka nini tena?" Nikaenda kwa Anselimu, nikitumaini atasema si kazi yangu. Alikuwa anaosha miguu. Akasema, "Maneno yalianguka njiani, yakitoka kwa mama kwenda kwa muzee. Nani aliyaona yakianguka?" Akachota maji kwenye beseni. "Iko weye," akasema, akaendelea kuosha miguu. Nilimchukia siku ile. Leo nikimsikiliza mtu anajisifu kwamba anajua lugha mbili, namkumbuka Anselimu na beseni lake, na namhurumia mtu huyo.

Asubuhi ya kuchimba nilitangulia. Nilimkuta Mzee Nyamhanga anafungulia ng'ombe. Nilimwamkia, nikasema haraka kabla sijaogopa.

"Mzee, yule mama hakuwaona. Kwao mzee mmoja anaongeleshwa kama watu wengi. Ni adabu yao. Mimi nilijua tangu siku ile, nikanyamaza. Sikutaka kurudi Ringwani."

Hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Ng'ombe wakapita katikati yetu mmoja mmoja, naye akawagusa migongo mpaka wa mwisho.

"Mwambie achukue mawe yaliyotawanyika juu," alisema. "Yale tu. Asichimbe."

Nikajua mwaka wangu umekwisha. Na kweli, Madam Odili alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika shavu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ng'ambo ya mpaka na mimi nilikuwa kwenye mtama, bibi akiniuliza kwa nini naliambia jembe *creuse*, yaani chimba. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile niligeuka niondoke, na mzee akaniita.

"Bhoke. Yule mama hajui. Kwa kutojua kwake akawasalimu. Wewe unalijua jina la baba yangu, ulinisikia nikilitaja. Miezi yote hii umepita pale kwenye mawe yao, ukaja ukanywa maziwa. Uliwasalimu lini?"

Nikageuka nikapanda kilimani, naye akanifuata. Marundo yalikuwa palepale nilipozoea kupita, matatu, madogo kuliko nilivyodhani, na umande bado uko juu yake. Nilikuwa nimewahi hata kukalia moja nikivua mwiba. Nikapiga magoti mbele yake, nguo ikalowa.

"Shikamooni," nikasema.

Mzee alisimama nyuma yangu, kama anayesikiliza. Kisha akaniitikia kwa niaba yao.

"Marahaba."